Uso unawaka moto nikila urojo na pilau, niache nini?

SWALI: Asalaam alaykum daktari. Mie ni mama wa miaka 41 niko Wete. Yapata mwaka sasa uso wangu unawaka, mashavu na pua, yani kama nimepakwa pilipili, alafu vinatoka vipele vidogo vidogo na mashavu yanavimba kidogo. Inanijia zaidi nikila urojo, pilau, supu ya pweza na hata chai ya viungo. Wifi yangu kasema damu chafu, jirani kasema aleji ya vitu vya pwani. Nshaacha pweza, kamba, mayai, tungule, ndimu na maziwa, mwezi wa nne huu, nimekonda lakini uso uko vilevile. Nimesoma kuna maradhi yanaitwa rozasia ila picha zote ni za wazungu wekundu na mie ni maji ya kunde. Napaka krimu flani ya duka la vipodozi, inanipoza siku mbili tatu kisha inarudi. Niambie niache chakula gani?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah wabarakatuh dada yangu. Pole sana. Nikwambie mapema, hilo la niache chakula gani silo ntakaloanza nalo, mana wewe ushaacha vya kutosha, mtu wa Pemba kukaa miezi minne bila ya pweza wala tungule hiyo ni adhabu si matibabu. Ntaanza na jiko lako, kisha kikombe chako, kisha hiyo krimu, sahani tutaifikia njiani.

Kwanza jina la maradhi. Kwa ulivyoeleza, katikati ya uso, kuwaka kunakuja na kuondoka, vipele, kuvimba, na umri wako huo, inafanana sana na rozasia, ingawa mie sijakuona na mtu wa ngozi lazima akutazame kwa macho yake. Picha za wazungu zisikupoteze. Ni kweli weupe ndo wanaopata zaidi, lakini na sie tunaipata, tatizo ule wekundu kwenye ngozi yetu hauonekani kama kwenye picha, unatokea kama weusi uliokoza au kahawia au zambarau, au hauonekani kabisa ila mtu mwenyewe anahisi joto, kuchomachoma, ngozi kavu inayokataa kila losheni. Kwaio anaambiwa chunusi, anapewa dawa ya chunusi, inamchoma zaidi. Angalia kitu kimoja, chunusi za kawaida zina vile vichwa vyeusi na vyeupe vya mafuta yalioziba, rozasia haina. Na jipige picha asubuhi karibu na dirisha uso ukiwa umetulia, kisha jipige nyengine palepale ukiwa unawaka, ziweke pamoja, utaona tofauti ambayo kioo cha chooni hakikuoneshi.

Sasa nikupe kisa kimoja kabla ya maelezo. Alikuja kwangu mama mmoja, muuza katlesi na bajia, kaniruhusu nikitumie kisa chake bila ya jina. Yeye alishajihukumu, ni pilipili ya chatini. Nikamuuliza, Ramadhani ilokwisha uso ulikuwaje? Akasema ndo ulikuwa mbaya kupita miezi yote. Unawaka saa ngapi? Alasiri, saa kumi saa kumi na moja hivi. Nikamwambia mama, saa kumi na moja si umefunga? Chakula gani hicho kilichokuwasha na tumbo halina kitu? Akanyamaza, kisha akacheka. Ilikuwa ni karai. Masaa mawili kainamia mafuta yanayochemka na makaa chini yake, mlango wa jiko umefungwa ili watoto wasiingie, ndani hamna feni.

Hilo ndo nataka ulishike. Chakula kinacholaumiwa mara nyingi kimekuja pamoja na moto wake. Pilau huli tu, unaipika, unaipalia makaa juu ya mfuniko, unaifungua mvuke unakupiga usoni. Supu ya pweza hunywi baridi. Urojo unaunywa umesimama juani saa tisa mchana. Ukiwaka, unasema pweza! Pweza anasingiziwa tu masikini.

Kuna sababu ya mwilini inayofanya moto na pilipili vifanane hivo. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu, za ulimini na za ngozini, kuna vitu mfano wa milango midogo sana, mmoja wapo wataalamu wanauita TRPV1. Mlango huu unafunguka ukifikiwa na joto la nyuzi 43 hivi kwenda juu, na mlango huohuo unafunguka ukiguswa na kapsaisini, ule ukali uliomo ndani ya pilipili. Mlango mmoja funguo mbili. Ndo mana unakula pilipili mbuzi iliyotoka kwenye friji na bado unasema "moto!", ubongo haujui kutofautisha. Aliyeugundua mlango huo ni David Julius wa Marekani mwaka 1997, akiutafuta kwa kutumia hiyo hiyo kapsaisini, na mwaka 2021 akapewa zawadi ya Nobel pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian. Kwa mwenye rozasia milango hii ni kama ya nyumba ambayo komeo limelegea, upepo kidogo tu ishafunguka. Ikifunguka, zile ncha zinamwaga kemikali, mishipa ya damu ya usoni inatanuka, damu inajaa, uso unawaka. Ikiwa ni mara moja moja inapita, ikiwa ni kila siku mishipa inazoea kukaa imetanuka na kinga ya ngozi nayo inachokozeka, ndo unaona vipele na uvimbe usiotoka.

Haya tuje kwenye kikombe. Mwaka 1981 daktari mmoja Mmarekani anaitwa Wilkin alifanya jaribio dogo ambalo mie nalipenda kwa sababu hata wewe unaweza kulifanya barazani kwako. Aliwachukua watu wenye rozasia, akawapa kahawa ya moto nyuzi 60, siku nyengine kahawa hiyohiyo imepoa, siku nyengine maji matupu ya moto nyuzi 60, na siku nyengine kafeni, kile kitu cha ndani ya kahawa kinachoondoa usingizi, kwenye maji ya kawaida. Walowaka ni walipokunywa vya moto, hata yale maji matupu. Kahawa ilopoa haikuwafanya kitu, kafeni haikuwafanya kitu. Yani miaka yote ile watu wakiambiwa waache kahawa, mkosa alikuwa ni moto wa kikombe. Na baadae, 2018, ikachapishwa hesabu ya wanawake 82,737 wa Marekani walofuatiliwa miaka mingi, ikaonekana walokuwa wanakunywa vikombe vinne na zaidi vya kahawa yenye kafeni kwa siku waliipata rozasia kwa uchache kuliko wale wasiokunywa takriban kabisa, upungufu wa asilimia 23. Sikwambii uanze kunywa vikombe vinne, utakesha na mwenyewe utanilaumu, na hesabu ya namna hiyo haithibitishi kuwa kahawa ndo iliyowalinda. Nakwambia tu usiinyime roho yako kahawa. Iache ipoe. Najua kwetu kahawa iliyopoa ni kama kutukanwa, mzee wa kahawa ukimwambia ngoja ipoe atakutazama vibaya, lakini kile kifinjani ukikishika mkononi dakika tano ukapiga soga na haluwa yako hakuna atakaekuona.

Chai ya viungo ina kesi mbili kwa pamoja. Ya kwanza moto wake kama nilivosema. Ya pili viungo vyenyewe, na hapa sie watu wa visiwa vya karafuu tuna mtihani kidogo. Ukali wa tangawizi na wa pilipili manga unafungua mlango uleule wa TRPV1. Mdalasini una kitu kinaitwa sinamaldehaidi, kinafungua mlango wa jirani yake, TRPA1. Na eugenoli ya karafuu nayo inagonga milango ya ukoo huohuo. Lakini kipimo ndo neno. Vijiti viwili vya mdalasini na karafuu sita kwenye sufuria ya pilau ya watu kumi, kila mtu anapata nini? Kidogo sana, mie pilau yenyewe siihofii, naihofia pilipili ya kachumbari iliyo pembeni yake na ule mvuke. Chai iliyochemshwa na tangawizi ya kutwangwa kipande kizima, na mdalasini wa unga kijiko, na pilipili manga, kisha unywe inatoka moshi, hiyo ni habari nyengine. Na ule uji wa pilipili manga wa futari, unashuka tumboni unachemka baada ya kutwa nzima ya joto na kiu, kwa mtu wa rozasia huo ni kama kumwagia petroli, mie nawaambia wagonjwa wangu wafungue kwa tende na maji ya kawaida, wakaswali magharibi, wakirudi uji umepoa wenyewe bila ya mtu kusubiri.

Urojo sasa. Urojo una mengi, embe mbichi, ndimu, unga, bajia, kachori, mbatata, chatini ya nazi, na pilipili. Muombe muuzaji akutilie bila ya pilipili na akupozee kidogo, ukila hivo mara mbili tatu usiwake, basi ushamjua mwizi na urojo unabaki kuwa wako. Ukiwaka hata hivo, jaribu bila ya ndimu nyingi. Kuna watu ndimu na tungule zinawachokoza kweli, siwakatalii, lakini ni wachache kuliko mitandao inavyosema. Na ubuyu usiusahau! Watu wanaandika chakula chote wanasahau ule ubuyu mwekundu wa pilipili wanaomumunya kutwa nzima kwenye mkoba.

Kwenye mambo ya orodha nikupe takwimu, mana najua umesoma zile orodha za vyakula hamsini vya kuacha. Jumuiya ya rozasia ya Marekani iliwahi kuwauliza wagonjwa 1,066 kitu gani kinawawasha. Jua, asilimia 81. Mawazo na hasira, 79. Hali ya hewa ya joto, 75. Pilipili na vyakula vikali, 45. Vinywaji vya moto, 36. Sasa shuka chini kabisa, matunda 13, mboga 9, maziwa 8. Hao ni Wamarekani na walojibu kwa kusema wenyewe, si vipimo, lakini ona namna mambo yalivyopangika. Wewe umeanza kwa kukata tungule, ndimu na maziwa, vile vya chini mwa orodha, na jua la Wete lipo palepale, na makaa yapo palepale, na wifi yupo palepale (samahani, hilo nimetania, lakini mawazo 79 si mchezo).

Pombe utaiona kwenye kila ukurasa wa wazungu kuhusu maradhi haya, kwa wengi wetu haituhusu. Nimeitaja kwa sababu moja tu, kuna watu pua zao zinavimba na kuwa nyekundu au nyeusi kwa rozasia ya muda mrefu, wakashutumiwa mtaani kuwa wanakunywa kwa siri. Ni uongo na ni dhulma. Asiyeonja hata tone anaipata.

Samaki ntakaa hapa kidogo kwa vile jirani kakutia hofu. Aleji ya kweli ya vitu vya pwani haiji kama ulivyonieleza. Inakuja haraka, dakika chache mpaka saa mbili baada ya kula, mwili mzima unapanda mabaka yanayowasha, mdomo na macho yanavimba, wengine wanatapika, pumzi inabana. Ikiwa umewahi kupata hivo hata mara moja usijaribu chochote nyumbani, nenda hospitali. Ikiwa hujawahi, pweza na kamba warudi.

Ila lipo jambo la samaki ambalo halina uhusiano na aleji na watu wanalichanganya. Jodari, vibua, nguru, samaki wa namna hiyo wakikaa bila ya barafu, vidudu vinaigeuza nyama yao ikajaa histamini, na histamini inatanua mishipa ya damu ya mtu yeyote, awe na rozasia asiwe nayo. Uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, pengine mdomo unahisi kama umekula pilipili manga, na yote hayo ndani ya saa moja. Na usiseme nitampika vizuri, histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa, ikishaingia imeingia. Kwaio jodari wa mnadani asubuhi na jodari yuleyule alokaa juu ya meza jioni bila ya barafu si samaki mmoja, hata bei ikiwa nusu. Umeme ukikatika usiku kucha na friji likayeyuka, jodari wa ndani usimfanyie huruma. Ukiwaka siku moja kwa jodari na siku nyengine hukuwaka, usiandike "jodari", andika "jodari wa saa ngapi".

Haya, krimu. Hapa nikazie, na usinichukie. Krimu ya duka la vipodozi inayokupoza siku mbili tatu kisha moto unarudi, mie nikisikia hivo tu masikio yanasimama. Krimu nyingi za kung'arisha na za kuondoa madoa zinazouzwa mitaani zimetiwa steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli, pengine imeandikwa kwa herufi ndogo, pengine haikuandikwa kabisa, na ile mikorogo ya kwenye kopo lisilo jina ndo usiseme. Steroidi inabana mishipa na kuzima uvimbe kwa muda, unafurahi. Baada ya wiki na miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inalegea, na uso unawaka zaidi kila ukikosa kupaka, unapaka tena. Huo mzunguko wenyewe unaweza kuleta rozasia kwa mtu ambae hakuwa nayo. Yani inawezekana kabisa, na nasema inawezekana sijaona kopo lako, kwamba hujawahi kuwa na tatizo la chakula hata siku moja, una tatizo la kopo.

Ikiwa ni hiyo, jua kwamba ukiacha uso utawaka vibaya kwanza, wiki kadhaa, mwengine zaidi, na hapo ndo wengi wanaporudi nyuma wakisema "krimu ndo ilokuwa inanisaidia". Usiache peke yako kimya kimya, nenda kwa mtaalamu wa ngozi akusimamie, anaweza kukushusha polepole na kukupa dawa ya kushika njia. Nenda na kopo lenyewe na boksi lake.

Na maadam tuko kwenye vya kupaka, singo ya usoni simamisha. Singo ni uzuri wetu, Pemba bila ya singo hakuna harusi, isugue mikono na miguu na mgongo upendavyo, lakini uso unaowaka usiusugue kwa karafuu na majani na ungaunga wa liwa. Mafuta ya karafuu usoni hapana kabisa. Kujifukiza kwa ajili ya "damu chafu" ndo makosa makubwa zaidi, unachukua uso ambao adui yake ni joto unautia ndani ya shuka na sufuria ya maji yanayochemka! Wifi yako nia yake njema, mwambie daktari kasema damu yako safi.

Sasa jaribio lako, na usifanye kwa haraka. Wiki mbili za mwanzo usikate kitu kwenye chakula ila mambo mawili, pilipili weka kando na kila cha moto kiache kipoe mpaka ukitie kidole usishtuke. Mayai, tungule, maziwa, pweza, vyote rudisha, kimoja kila baada ya siku tatu, sio vyote siku ya Ijumaa moja. Jikoni fungua dirisha, pika asubuhi mapema ukiweza, kaa mbali na mvuke unapofunua, kama kuna binti wa kukushikia karai alasiri mwachie. Ukihisi moto unaanza kupanda mung'unye kipande cha barafu au maji baridi uyashike mdomoni, inasaidia wengi. Juani mwavuli au kanga, na ile losheni ya kukinga jua chagua yenye zinki, namba 30 kwenda juu, isiyo na manukato. Ukivaa ninja jua hulijui sana lakini joto la ndani na pumzi unazijua, chukua kitambaa chepesi cha pamba na ukifika ndani funua mapema. Sabuni isiwe kali, maji yasiwe ya moto.

Chukua daftari la skuli la mtoto lilobaki kurasa. Kila ukiwaka andika saa, ulikuwa wapi, jikoni au juani au kitandani, ulikula nini masaa mawili nyuma na kilikuwa cha moto au kimepoa, ulipaka nini, uligombana na nani. Usiandike chakula peke yake, ukiandika chakula peke yake utapata jibu la chakula peke yake. Wiki mbili zikisha fanya lile jaribio la Wilkin, asubuhi moja chai yako ya viungo imepoa, asubuhi ya pili maji matupu ya moto ukubwa wa kikombe kilekile, asubuhi ya tatu chai ya moto kama zamani. Kaa kivulini, hujapika, tazama saa. Ukiwaka kwa maji matupu na usiwake kwa chai ilopoa, viungo vimeachiwa huru. Ikiwa kinyume chake basi punguza tangawizi na mdalasini, na pilau endelea nayo.

Vipele vyenyewe lakini havitaondoka kwa chakula peke yake na nisikudanganye. Dawa zipo, kuna jeli ya metronidazoli, kuna krimu ya ivamektini, kuna asidi ya azelaiki, na vidonge vya doksisaiklini kwa wale walozidiwa, hivo vidonge si vya mjamzito. Maradhi haya hayang'oki moja kwa moja, yanatulia, na dawa za kupaka zinataka wiki nane mpaka kumi na mbili ndo uone kazi yake, sasa mtu anapaka siku tano anasema haifai. Usijinunulie, mana ukikosea na bado unapaka steroidi chini yake hatutajua kinachofanya kazi ni kipi.

Mambo ya kumwambia daktari usiyasahau. Macho, ikiwa yanachoma kama yameingia mchanga, mekundu, unapata chokea mara kwa mara, rozasia inaingia machoni na wengi hawajui. Yakiuma, ukawa hustahamili mwanga au unaona ukungu, usisubiri miadi nenda siku hiyohiyo. Mwambie na dawa unazokunywa, nifedipini na amlodipini za presha zinawasha uso wa watu bila ya kosa la chakula, usiziache lakini zitaje. Mwambie hedhi yako imekaaje, mana miaka yako hiyo joto la ghafla la usiku linaweza kuwa la njia nyengine, la hedhi kukaribia kukatika. Na ikiwa viungo vya mikono vinauma asubuhi, nywele zinakatika, una homa za mara kwa mara, mwambie kwa mkazo, kuna maradhi yanaitwa lupasi yanakaa mashavuni na puani vilevile kama kipepeo, hayo yanapimwa kwa damu.

Siku ya kwenda usipake kitu asubuhi hiyo, chukua zile picha mbili za dirishani, daftari, na hilo kopo hata kama limebaki tupu, usilitupe kabla hajalisoma.